Ubao wa Koki

Kwa miaka mitatu mambo yalikuwa hivi: kila Jumapili, kanisa likishatoka, mke wangu Wavinya hupakua chakula kwenye bakuli la plastiki lenye kifuniko cha bluu, akalifunga kwa leso, akaenda mtaa wa Fedha kumwona binti yetu. Mimi hubaki nyumbani, Makongeni. Haniambii twende, wala mimi siombi kwenda. Hukaa kwenye kibanda changu cha kuchongea nikijifanya nina kazi, Jumapili, mimi mzee wa kanisa ambaye kwa miaka thelathini nimewagombeza watu kwa kufanya kazi siku ya Bwana.

Akirudi jioni namuuliza, "Alikula?"

"Alikula."

"Alimaliza?"

"Kisilu, kwani wewe ndiye ulipika?"

Basi, mazungumzo yameishia hapo. Naingia jikoni, nafungua lile bakuli. Koki hulirudisha limeoshwa, lakini nalinusa hivyo hivyo. Mtu akinikuta pale, mzee wa miaka sitini na saba, pua ndani ya bakuli tupu, atasema nimerogwa. Na aseme. Bakuli limetoka mikononi mwa mtoto wangu muda si mrefu, na mimi mwenyewe sijamwona kwa miaka mitatu na miezi minne.

Koki ni jina la mama yangu. Kwetu Ukambani msichana wa kwanza hupewa jina la mama mzazi wa baba yake, na baba humwita mwaitu, yaani mama yangu. Tangu akiwa wa kubebwa mgongoni nimemwita hivyo. Mwaitu, njoo ule. Mwaitu, kiatu cha pili kiko wapi? Nikitoka kazini jioni alikuwa akisikia kikohozi changu tangu kona ya nyumba za reli, naye anatoka mbio akipiga kifuniko cha sufuria kwa kijiko, anacheza hapo njiani mpaka nimfikie. Majirani walikuwa wakicheka, "Kisilu, mama yako amekuja kukuchukua!" Nami nilijifanya nimekasirika kwa sababu ya kelele. Wee! Leo ningelipa kitu gani nisikie kelele ile.

Baba yangu alikuwa seremala wa reli, ndiyo maana tukakulia Makongeni. Mimi ni mchongaji. Ujanani nilichonga twiga na vifaru vya watalii mpaka nikawachukia, halafu kanisa likanipa kazi. Mimbari ni yangu. Meza ya Bwana ni yangu. Benchi la wazee, lile la mbele lenye mgongo mrefu, ni langu. Na kila ndoa ikifungwa kanisani kwetu, wazee huwapa maharusi ubao wa jakaranda uliochongwa mstari wa Biblia, wautundike sebuleni. Kuchonga ni kazi yangu, na kuchagua mstari pia ilikuwa kazi yangu, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiijua Biblia kama mimi. Mchungaji akisahau aya katikati ya mahubiri alinigeukia hadharani, nami nilimtajia kabla hajameza mate. Waliniita Kisilu Sura-na-Mstari. Nililipenda jina hilo kupita kiasi.

Koki alipoolewa na Mutunga, mwalimu wetu wa kwaya, nilikaa na ubao wake wiki tatu nzima. Jakaranda iliyokauka miaka sita, isiyopinda. Nilizamisha herufi robo inchi, maana sipendi zile herufi za juujuu. Mstari niliochagua ulikuwa wa mtume Paulo, ule wa wake kuwatii waume zao kama wanavyomtii Bwana. Nikaupaka rangi ya viatu, nikausugua mpaka ukang'aa. Koki alipoupokea mbele ya kanisa aliusoma polepole, akanitazama, akasema, "Asante, Baba." Macho yalikuwa na machozi. Nilidhani ni ya furaha, na sijawahi kuuliza.

Mwaka wa pili wa ndoa alikuja nyumbani, Jumanne asubuhi. Wavinya alikuwa sokoni. Koki alikuwa amejitanda leso begani, imefunika mkono wote wa kushoto, na midomo yake ilikuwa imekauka. Hakuwa mtoto wa kulalamika tangu zamani. Aliniambia kwa maneno machache kwamba Mutunga amempiga, kwamba si mara ya kwanza, na kwamba hataki kurudi.

Nitasema nilichofanya, maana nimechoka kukizungusha kichwani. Sikumwambia kaa. Sikumpa hata maji. Nilimuuliza, "Ubao wako unasemaje?"

Akaivuta leso begani.

"Koki, nakuuliza. Ubao wako unasemaje?"

Akausema wote kwa moyo, kama mtoto wa shule ya Jumapili, macho chini. Alipomaliza nikamwambia, "Umeona? Mimi sikuandika hayo. Nilichonga tu." Nikavaa koti langu, nikamrudisha mwenyewe mpaka mlangoni kwa Mutunga, nikawaombea wote wawili, nikarudi kwenye kazi yangu. Nakumbuka nilijisikia vizuri, kama mtu aliyebeba kitu kizito akakifikisha. Njia nzima Koki hakusema neno, na njia nzima ule mkono ulikuwa chini ya leso.

Mwezi mmoja baadaye alitoka kwa Mutunga na mfuko mmoja wa nguo, akapanga nyumba Fedha. Ubao alimpa mama yake aniletee. Niliuegemeza kwenye kibanda, herufi zikiangalia ukuta, nikasema nitaushughulikia nikipata nafasi.

Halafu kanisa likawaita wote wawili mbele ya baraza la wazee, kwenye kile chumba cha nyuma ya mimbari. Mutunga alitubu, na akalia. Jamaa ana sauti, hata kulia alilia kwa noti za wimbo. Tulimsamehe, na baada ya wiki mbili alikuwa mbele ya kwaya akipunga mikono. Koki alisema hana la kutubu, na harudi. Mtu akisema hivyo kwetu hutengwa: hashiriki Meza ya Bwana, haimbi, anakaa benchi la nyuma kabisa mpaka siku atakapokuja mbele kutubu. Wazee huamua kwa kusimama. Anayekubali anasimama, asiyekubali anabaki ameketi.

Mzee Zedekiah, mwenyekiti wetu, aliniinamia akanong'ona, "Kisilu, hili unaweza kutoka nje. Hakuna atakayekulaumu."

"Neno la Mungu halina binti," nikasema, tena kwa sauti, ili wote wasikie.

Nikasimama. Wa kwanza. Wenzangu walikawia kidogo, nadhani waliona haya kwa niaba yangu, halafu nao wakasimama mmoja mmoja. Koki alikuwa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Alinitazama nilivyosimama, kuanzia viatu mpaka kichwani. Akachukua mkoba wake kwa mkono wa kulia, akatoka. Hajakanyaga kanisani tangu siku hiyo, wala nyumbani kwangu. Mutunga naye alihamia mji mwingine akaoa mke mwingine, na naambiwa huko pia anaongoza kwaya.

Sasa, mwaka jana tuliletewa mchungaji mpya, Nerima, mwanamke. Nilimpinga. Kwa nini nidanganye? Nilimwendea ofisini wiki ya kwanza nikiwa na mistari yangu mitano ya wanawake kunyamaza kanisani, nikamsomea yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hiyo naijua, mzee wangu, niliishi nayo chuoni miaka minne. Unakunywa chai ya maziwa ama ya rangi?" Nilikasirika nikakunywa vikombe viwili.

Alianzisha somo la wazee kila Jumatano jioni. Siku moja akatuambia tufungue kitabu cha Waamuzi, sura ya kumi na moja, na akaniomba nisome kwa sababu ya sauti yangu. Ni hadithi ya Yeftha. Nimeisoma mara hamsini, nimeifundisha mpaka kwa vijana wa kipaimara. Yeftha alikuwa shujaa wa vita. Kabla ya kwenda vitani alimwapia Mungu kwamba akipewa ushindi, chochote kitakachotoka kwanza mlangoni pake kumlaki, atakitoa kiwe sadaka ya kuteketezwa. Akashinda. Somo langu lilikuwa moja miaka yote: ukimwapia Mungu, timiza.

Nikasoma kwa ile sauti yangu ya kutikisa madirisha. Nikafika pale Yeftha anaporudi nyumbani, na anayetoka mlangoni ni binti yake, mtoto wake wa pekee, anamjia akicheza na kupiga matari.

Haki ya Mungu, nilisikia kifuniko cha sufuria.

Sauti ikakatika. Nikakohoa, nikajaribu tena, haikuja. Zedekiah akanimiminia maji akidhani ni vumbi la kazi. Nikanywa, nikaitazama ile aya, nikamsukumia Nerima Biblia. Akamalizia yeye: baba anararua nguo zake, anamlaumu mtoto kwa kumletea uchungu, anasema ameshatamka mbele za Bwana na hawezi kurudi nyuma. Na kweli hakurudi. Alimfanyia mtoto kama alivyoapa.

Nerima akafunga kitabu juu ya kidole chake. "Anasema hawezi kurudi nyuma. Nani alimwambia hawezi?"

"Aliapa mbele za Mungu," Zedekiah akasema.

"Ndiyo. Na Mungu alimjibu nini?"

Wenzangu wakaanza kufunuafunua kurasa. Mimi sikuhitaji. Sura nzima iko kichwani mwangu, nikaipita mstari kwa mstari kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Kwa Ibrahimu malaika aliita kutoka mbinguni, akazuia kisu. Hapa nilitafuta, nikatafuta.

"Mungu hasemi kitu," nikasema.

"Hasemi kitu," Nerima akasema. "Tangu aape, anayesema hawezi kurudi ni Yeftha peke yake."

Zedekiah alikasirika, na simcheki, maana swali lake limekuwa langu maisha yote. "Mchungaji, tukianza kuchaguachagua tutaishia wapi? Leo hii, kesho ile. Biblia yote ni Neno, ama si Neno?"

"Sitoi hata ukurasa mmoja, mzee. Nataka hii ikae papo hapo ilipo. Lakini kuna mahali Biblia inafunua kidonda ili tukione, na sisi tunadhani inatupa dawa. Walioiandika wanatuambia wasichana wa Israeli walikuwa wakienda kumlilia huyu mtoto siku nne kila mwaka. Wangetuambia ya nini kama hapakuwa na la kulilia?"

Nilikwenda nyumbani bila kuaga mtu. Nilikuwa na hasira, sijui na nani. Wiki zile nilisoma Biblia kama sijawahi kuiona. Sitaki mtu aseme Kisilu aliacha kuamini, sikuacha. Lakini niliitamani imani yangu ya zamani, ile niliyokuwa nikiishika kwa mkono mmoja bila kuangalia. Sasa nilikuwa nasoma na kusimama, nasoma na kusimama. Niliona mambo niliyokuwa nikiyaruka. Niliona jinsi watu walivyokuwa wakimletea Yesu sheria, naye anamgeukia mtu. Kuna yule aliyepooza mkono, siku ya sabato. Watu wa dini wamekaa wanangoja tu kuona kama sheria itavunjwa. Yesu anawatazama kwa hasira, kisha anamwambia yule mtu aunyoshe mkono wake. Nilikuwa naijua hiyo tangu nikiwa na miaka saba. Nilikuwa naijua na mahali ilipo kwenye ukurasa, upande wa kushoto, chini.

Mwezi uliofuata niliomba baraza la wazee limwondolee Koki kutengwa.

"Aje atubu," Zedekiah akasema. "Mlango uko wazi."

"Atubu nini? Kupigwa?"

"Kisilu, wewe ndiye ulisimama wa kwanza."

"Najua nilisimama. Unafikiri kuna siku imepita sijui nilisimama? Sasa nasimama tena. Anayekubali Koki arudishwe, asimame."

Nikasimama. Mzee Amolo, rafiki yangu wa miaka mingi, aliinua makalio kidogo, akafikiri, akakaa. Wengine waliangalia meza. Mchungaji kwetu hana kura, alikuwa ananitazama tu, na macho yake yalikuwa mekundu. Nilisimama pale peke yangu.

"Keti, ndugu yangu," Zedekiah akasema, na hakusema kwa ubaya.

Jumapili iliyofuata sikukaa kwenye benchi la wazee. Nilienda nikakaa lile la nyuma kabisa, la waliotengwa. Nilikuwa nimelipigilia mimi miaka ya nyuma kwa mbao za mabaki, na sikuwa nimewahi kukaa juu yake. Linauma mgongo, niwaambie, limekaa vibaya. Mkate wa Meza ya Bwana ulipopitishwa niliuacha upite. Wavinya, kule kwenye viti vya kina mama, aligeuka mara moja akaniona, akageuka mbele.

Hapo ndipo nikafanya kosa la mwisho. Nilienda kibandani nikautoa ule ubao ukutani. Mtu mwingine angeuchoma. Mimi ni mchongaji, jakaranda kama ile siwezi kuichoma, haipatikani tena. Nikaugeuza. Mgongo wake ulikuwa safi, haujaguswa. Basi nikaanza kuchonga mstari mwingine huko nyuma, ule wa upendo uvumiliao na kufadhili, usiotafuta mambo yake wenyewe. Nilichonga majuma matatu, kwa makini kuliko kazi zangu zote. Usiku nililala nikiwaza jinsi Koki atakavyoupokea. Nilimwona akiusoma, nikamwona akilia, safari hii kwa furaha kweli, nikamsikia akisema, "Baba." Nilikuwa nimeshatengeneza mpaka mahali pa kuutundika kwenye ukuta ambao sikuwa nimewahi kuuona.

Jumamosi nikamwonyesha Wavinya. Aliusoma kimya. Aliupitisha kidole kwenye herufi, anajua kazi nzuri akiiona. Kisha akaugeuza.

"Na huku?"

"Huko ni nyuma, mama. Huko kutaangalia ukuta."

"Kwa hiyo atundike upendo ukutani, na nyuma yake ule mwingine umelala, anajua upo?"

"Nitaupiga randa. Nitautoa."

"Kisilu." Akauweka chini. Mke wangu hapigi kelele, na siku hiyo hakupiga pia. "Ulimpiga mtoto wangu kwa mstari. Sasa unataka kumpaka mstari mwingine kama mafuta. Hujachoka? Mimi nimechoka."

Nilikaa juu ya gogo langu la kazi, mikono imejaa vumbi la msasa.

"Nimpelekee nini basi?"

"Miaka mitatu unaniuliza kama amekula. Kila Jumapili: alikula, alimaliza. Siku moja, hata siku moja, hujaniuliza habari ya mkono."

"Mkono una nini?"

Nilimwona akitaka kusema, nikamwona akijizuia. "Kamuulize mwenye mkono," akasema, akaenda zake.

Kesho yake baada ya kanisa alipakua chakula, muthokoi wetu wa mahindi na maharagwe, na mboga, akakifunga kwa leso, akanipa mimi.

Fedha ni nyumba za ghorofa zilizobanana, na kila lango lina soja wa kulilinda. Huyu alikuwa kijana mwenye kofia ya sufu ingawa jua lilikuwa kali.

"Sasa mzee, unaenda kwa nani?"

"Kwa Koki. Ghorofa ya tatu."

"Koki namjua, mamake huja kila Sunday na bakuli kama hiyo." Akanichunguza. "Na wewe ni nani wake?"

"Babake."

"Ala! Sikujua ako na babake." Akafungua lango.

Nilipanda ngazi nikipumzika kila ghorofa, na nilikuwa nikijipangia maneno. Nitamwambia nilisimama peke yangu mbele ya wazee wote. Nitamwambia nimeacha benchi langu, nakaa nyuma, mahali pake. Nitamwambia kuhusu Yeftha. Nilipofika kwenye mlango wake nilikuwa na hotuba nzima, na mistari yake imekaa tayari. Nikakohoa kabla ya kubisha. Ndani, kitu kilichokuwa kinasuguliwa kikaacha kusuguliwa.

Mlango ukafunguka. Alikuwa amekonda usoni, amevaa sweta ya mikono mirefu. Nilikuwa nimesahau kwamba ana macho ya mama yangu. Jamani, unaweza kusahau vipi kitu kama hicho?

"Mama ni mgonjwa?" akauliza haraka.

"Hapana. Ni mzima. Amenituma."

Akatulia. Aliliangalia bakuli, hakulipokea. Alisimama katikati ya mlango, nami nje, na hakuna aliyejongea.

"Umekuja na mstari gani, Baba?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayemuuliza muuzaji amebeba nini leo.

"Sina," nikasema.

"Wewe?"

"Sina hata mmoja, mwaitu."

Kitu kilipita usoni mwake nilipomwita hivyo. Ile hotuba yangu ilikuwa pale kooni, na nikaona kwamba yote ilikuwa habari zangu mimi: nilivyosimama, nilivyokaa, nilivyosoma. Nikaiacha.

"Nionyeshe mkono," nikasema.

Nilidhani atafunga mlango. Alishika kitasa kabisa. Halafu akakiachia, akakunja sweta ya mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, polepole, mpaka juu ya kiwiko. Akaunyosha. Ulikuja mbele, ukafika mahali fulani, ukakwama. Ulikuwa umejipinda kwenye kiwiko. Mimi nimeshika miti maisha yangu yote, najua kitu kilichoachwa kikakauka vibaya na hakitanyooka tena.

"Unaishia hapo," Koki akasema. "Daktari alisema ningeenda siku ile ile, ungenyooka."

Siku ile ile. Ile Jumanne.

Mstari ulinijia. Yule mtu wa sabato, sura na aya, ulikuja wenyewe mpaka kwenye ulimi kama ilivyokuja mistari yote maisha yangu yote. Nikaufungia kinywa, nikaumeza.

Nikaweka bakuli chini sakafuni. Nikaushika ule mkono kwa mikono yangu miwili, naye akaniacha niushike.

"Ulikuwa umevunjika," nikasema.

"Ulikuwa umevunjika, Baba."

"Njia nzima."

"Njia nzima."

"Sikuuliza."

"Hukuuliza."

Nililia pale kwenye ngazi za watu, na sikulia kwa noti. Jirani alifungua mlango, akaona, akafunga. Koki hakulia. Hakuniambia amenisamehe, na sitasema alisema. Baada ya muda aliutoa mkono wake taratibu, akashusha sweta, akainama akachukua bakuli kwa mkono wa kulia.

"Chakula kinapoa," akasema, akaingia ndani. Mlango hakuufunga.

Nikabaki kizingitini. Sikujua kama nimekaribishwa ama nimeachwa. Nilisikia maji, nikasikia sahani ikitolewa, nikasikia nyingine. Nilisimama wima kama askari, kofia mkononi, nikaogopa hata kukohoa.

Akatokea kwenye pazia la jikoni. Akanitazama nilivyosimama, kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Usisimame, Baba," akasema. "Kaa."

Nikaingia, nikakaa.